Tundu Moja, Kasi Tofauti: Namna ya Kufunga na Kutumia Diski za Grainda kwa Usalama

Katika kata nyingi ambako umeme umefika, karakana ya kuchomelea vyuma ni miongoni mwa shughuli za kwanza kuanzishwa. Mageti, madirisha, vitanda, matela na fremu za madawati ya shule hutoka humo. Wapita njia huiogopa mashine ya kuchomelea kwa sababu ya mwanga wake mkali. Hata hivyo, kipo chombo kingine kinachostahili tahadhari isiyopungua hiyo, nacho ni kidogo, hushikwa kwa mikono miwili, na mara nyingi huachwa sakafuni karibu na miguu ya watu. Chombo hicho ni grainda ya mkono, mashine ya kukatia na kusagia vyuma.

Makala haya ya mafunzo yanaeleza namna ya kuchagua, kufunga na kutumia diski za grainda. Yamekusudiwa kwa mafundi na wanagenzi wao, kwa vikundi vinavyoanzisha karakana, na kwa wananchi wanaokodi au kuazima mashine hiyo kwa kazi za nyumbani.

Siku ambayo diski zimekwisha

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini mafundi wengi watautambua. Kikundi cha vijana watano kimepata kazi ya kutengeneza fremu za madawati ya shule ya msingi, na siku ya kukabidhi ni kesho. Saa kumi alasiri diski yao ya mwisho ya inchi 4 na nusu inakwisha, huku vyuma vya fremu sita vikiwa havijakatwa. Duka la vifaa liko mjini. Chini ya meza ipo diski mpya ya inchi 9, iliyosalia kutoka kwenye mashine kubwa waliyoikodi mwezi uliopita. Mmoja wao anaijaribisha kwenye mashine ndogo, na tundu lake linaingia barabara. Kinachozuia ni kinga tu, ile ambayo mafundi huiita gadi, nayo hufunguliwa kwa bisibisi kwa muda usiozidi dakika moja.

Hapo swichi haijawashwa bado, lakini ajali imekwisha kuandaliwa. Diski imeingia, nati imekaza, na macho hayaoni kosa lolote. Kosa limo katika namba mbili ambazo hakuna aliyezisoma.

Namba mbili zinazopaswa kusomwa

Diski ya kukatia chuma si kipande cha chuma. Imeundwa kwa chembe ngumu zilizoshikamanishwa kwa gundi ya rezini, na ndani yake umo wavu wa nyuzi za kioo unaoizuia isisambaratike. Inapozunguka, kila sehemu yake huvutwa kuelekea nje. Mvuto huo haukui sawa na kasi, bali hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezwa mara mbili, mvuto huwa mara nne. Zaidi ya kiwango fulani gundi na wavu hushindwa, na diski hupasuka vipande vipande.

Ndiyo maana kiwanda huandika juu ya kila diski idadi ya juu kabisa ya mizunguko kwa dakika ambayo diski hiyo inaruhusiwa kuzunguka. Diski nyingi zinazouzwa madukani zimetengenezwa ili ukingo wake usizidi mwendo wa mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa. Diski kubwa huufikia mwendo huo kwa mizunguko michache, na diski ndogo kwa mizunguko mingi. Kwa diski za aina hiyo, viwango vya kawaida ni hivi:

- Inchi 4 (milimita 100): takriban mizunguko 15,300 kwa dakika.
- Inchi 4 na nusu (milimita 115): takriban mizunguko 13,300.
- Inchi 5 (milimita 125): takriban mizunguko 12,200.
- Inchi 7 (milimita 180): takriban mizunguko 8,500.
- Inchi 9 (milimita 230): takriban mizunguko 6,600.

Namba ya pili imo kwenye kibandiko cha mashine yenyewe. Grainda nyingi za inchi 4 na nusu huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika zikiwa hazina mzigo. Kanuni inayounganisha namba hizo mbili ni fupi, na kila mwanagenzi anapaswa kuijua kwa moyo: namba ya diski lazima iwe sawa na namba ya mashine au iizidi. Ikiwa ndogo kuliko ya mashine, diski hiyo haifungwi.

Sasa hesabu ya wale vijana inaweza kufanyika. Diski ya inchi 9 imeruhusiwa mizunguko 6,600, lakini mashine itaizungusha mara 11,000. Ukingo wake utakwenda kwa mwendo wa takriban mita 132 kwa sekunde badala ya 80, yaani zaidi ya kilomita 470 kwa saa. Mvuto unaotaka kuipasua utakuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ule ambao diski iliruhusiwa kuuhimili. Ikipasuka, vipande vitaruka kwa mwendo huohuo, na kinga iliyopaswa kuvizuia imelala mezani.

Tundu si kipimo, kinga ni kipimo

Kinachowapotosha wengi ni tundu. Diski za inchi 4 na nusu, 5, 7 na 9 kwa kawaida zina tundu la ukubwa mmoja, takriban milimita 22. Kwa hiyo tundu haliwezi kumwambia fundi kama diski ni ya mashine ile au siyo. Diski za inchi 4 ndizo zenye tundu dogo, kwa kawaida la milimita 16. Kulipanua tundu hilo kwa tupa ili diski iingie kwenye mashine nyingine ni kosa kubwa, kwa sababu diski haitakaa katikati na itaanza kuyumba mara inapozunguka. Kuweka pete ya kubahatisha ili tundu kubwa libane kwenye mashine ndogo ni kosa la namna hiyohiyo.

Kinga, kwa upande wake, ina kazi mbili. Kazi ya kwanza inajulikana: hukaa kati ya diski na mwili wa fundi, hupokea vipande iwapo diski itapasuka, na huelekeza cheche mbali na uso. Kazi ya pili husahaulika: kinga ni kipimo. Imetengenezwa kwa ukubwa wa diski ambayo mashine inaruhusiwa kuibeba. Diski isiyoenea ndani ya kinga si diski ya mashine hiyo. Fundi anayefungua kinga ili diski iingie ameondoa ngao yake, na papo hapo amemnyamazisha shahidi aliyekuwa akimwambia kwamba diski ile siyo.

Ipo hali moja ambayo kipimo hicho hakitoshi. Diski ya inchi 9 iliyotumika hadi ikapungua inaweza kuenea ndani ya kinga ya mashine ndogo, na mafundi wengi huiona kuwa ni akiba. Watengenezaji wa mashine hizi hukataza jambo hilo. Diski ile ilitengenezwa kwa ajili ya mashine ya mwendo wa pole, tena imekwisha kupata joto, kugongwa na kubanwa. Kuihamishia kwenye mashine ya kasi zaidi ni kuipa kazi ngumu wakati wa uzee wake. Kwa hiyo kipimo cha kinga hutangulia, na kusoma namba hufuata. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kuichagua na kuikagua diski

Pamoja na ukubwa na kasi, diski huchaguliwa kwa kazi yake. Diski ya kukatia ni nyembamba, mara nyingi kati ya milimita 1 na 3, na hufanya kazi kwa ukingo wake tu. Diski ya kusagia ni nene, takriban milimita 6, na imeundwa kuhimili msukumo wa ubavuni. Kusagia kwa ubavu wa diski ya kukatia ni miongoni mwa makosa yanayoonekana sana karakanani: fundi amemaliza kukata, anaona ncha kali, na badala ya kubadilisha diski anailaza ileile. Diski nyembamba haikuumbwa kupindwa, na inaweza kuvunjika wakati huohuo.

Kila diski huandikwa aina ya kitu inachokata. Diski ya chuma si ya zege wala vigae. Kwa zege, matofali na vigae hutumika diski ya chuma yenye ukingo wa almasi, au diski nyingine iliyoandikwa kuwa ni ya mawe. Diski zenye meno ya msumeno kwa ajili ya kukatia mbao hazifai kabisa kwa grainda ya mkono. Meno hunasa kwenye mbao, mashine huruka ghafla, na mkono uliokuwa ukiishika hauna nguvu ya kuizuia.

Diski za rezini pia huzeeka. Kwenye pete ya chuma iliyo katikati ya diski huandikwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, ambao kwa kawaida ni miaka mitatu tangu ilipotengenezwa. Unyevu na joto huidhoofisha gundi kabla hata ya muda huo. Kwa sababu hiyo diski hazihifadhiwi sakafuni, kwenye mchanga wenye maji, juani, wala chini ya nyundo na spana ndani ya boksi la zana. Mahali pake ni rafu kavu, zikiwa zimelazwa juu ya kitu kilichonyooka ili zisipinde.

Kabla ya kufungwa, diski hukaguliwa pande zote mbili chini ya mwanga. Yenye ufa, yenye pengo ukingoni, iliyopinda, iliyolowa au iliyoanguka kutoka mezani haifungwi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa diski hauzibwi. Diski hutupwa, na kabla ya kutupwa huvunjwa ili mwingine asiiokote na kuitumia.

Kuifunga diski, hatua kwa hatua

1. Mashine izimwe na plagi ichomolewe kwenye soketi. Kama ni mashine ya betri, betri itolewe. Kuzima swichi pekee hakutoshi, kwa kuwa swichi inaweza kubonyezwa kwa bahati mbaya mkono ukiwa kwenye diski.

2. Kitufe cha kuzuia ekseli kibonyezwe, kisha nati ifunguliwe kwa spana yake maalumu. Kitufe hicho hakibonyezwi kamwe wakati diski ingali inazunguka, hata kama mashine imekwisha kuzimwa.

3. Ekseli, nati na flanji ya ndani vifutwe vumbi na chembe za chuma. Uchafu mdogo chini ya flanji huifanya diski ikae upande. Flanji iliyopinda au kulika ibadilishwe kwa nyingine ya mashine hiyohiyo.

4. Kinga irudishwe mahali pake na kukazwa, upande uliozibwa ukiwa kati ya diski na mtumiaji. Kwa kazi ya kukata, kinga inayofunika diski pande zote mbili ndiyo inayofaa. Ile ya upande mmoja ni kwa ajili ya kusagia.

5. Diski iwekwe ikae sawasawa juu ya flanji bila kulazimishwa. Diski ya kusagia yenye kitovu kilichobonyea huwekwa kitovu kikielekea mashine, ili nati iingie ndani ya ubonyeo wake. Diski ya almasi yenye mshale huwekwa ili mshale ufuate upande ambao mashine huzungukia.

6. Nati ifungwe kwa upande unaofaa. Kwenye mashine nyingi nati ina upande wenye mwinuko na upande bapa: mwinuko huielekea diski nene, na upande bapa huielekea diski nyembamba. Kitabu cha maelekezo cha mashine ndicho cha mwisho katika jambo hili.

7. Nati ikazwe kwa spana yake kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Kuigonga kwa nyundo au patasi huipasua diski katikati, mahali ambapo ufa hauonekani.

8. Diski izungushwe kwa mkono ili kuhakikisha haigusi kinga. Mshikio wa pembeni ufungwe, nao usiachwe kwa kisingizio cha kufupisha kazi. Swichi ithibitishwe kuwa imezimwa ndipo plagi ichomekwe.

9. Mashine iwashwe bila mzigo kwa muda wa dakika moja, diski ikielekezwa mbali na watu, na mtumiaji asisimame kwenye mstari wa mzunguko wake. Diski mbovu mara nyingi hujidhihirisha katika dakika hiyo. Ikitetemeka au kutoa sauti isiyo ya kawaida, mashine izimwe na chanzo kitafutwe kabla ya kuendelea.

Mavazi na mazingira ya kazi

Miwani ya jua si miwani ya kinga. Macho yanahitaji miwani maalumu inayoziba hadi pembeni, na kwa kazi ya kukata, ngao ya uso iwekwe juu ya miwani hiyo. Masikio yawekewe vizibo au vifuniko, kwa sababu kelele ya grainda huharibu usikivu polepole bila maumivu yoyote. Glovu za ngozi, aproni ya ngozi na viatu vilivyofunika mguu huikinga ngozi dhidi ya cheche na ncha kali. Nguo zinazopepea, kanga iliyofungwa kiunoni, mtandio, kamba za kofia na nywele ndefu zisizofungwa hazifai karibu na ekseli inayozunguka.

Vumbi nalo lina madhara yake. Kukata zege, matofali na mawe hutoa vumbi laini la silika, ambalo likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu kwa ugonjwa usio na tiba. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Inahitajika barakoa maalumu ya kuchuja vumbi, na kazi ifanyike mahali penye hewa ya kutosha. Kumwagia maji ili kuzuia vumbi kunaruhusiwa tu kwa mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwani grainda ya kawaida ikiingia maji inaweza kumpiga mtu shoti.

Cheche za grainda huruka mita kadhaa. Kabla ya kuanza, mbao, makaratasi, rangi, thina na mafuta viondolewe, na watoto na wateja wasogezwe mbali. Pipa au tangi lililowahi kuwa na petroli, dizeli au kemikali lisikatwe kwa grainda, hata likionekana tupu. Mvuke unaosalia ndani unaweza kulipuka kwa cheche moja, na pipa tupu linaweza kuwa hatari kuliko lililojaa kwa sababu nafasi yake yote imejaa mvuke. Kifaa cha kuzimia moto au ndoo ya mchanga iwe karibu, na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikwe ukutani.

Wakati wa kukata na kusaga

Kitu kinachokatwa kibanwe kwenye jiliwa au kwa klampu. Hakishikiliwi kwa mguu, wala hashikishwi mwanagenzi. Grainda ni ya mikono miwili, na mkono ulioshika chuma ni mkono ulioacha mashine.

Hatari kubwa wakati wa kukata ni mashine kuruka kumwelekea mtumiaji. Hutokea diski inapobanwa ndani ya mkato au inapogongwa kwenye kona. Kinga yake huanza katika namna chuma kinavyoegemezwa. Bomba lililoegemezwa ncha mbili na kukatwa katikati huzama kadiri linavyokatwa, na mkato hujifunga na kuibana diski. Likibanwa upande mmoja karibu na mahali pa kukata, na kipande kinachokatwa kikaachwa kining'inie na kuanguka chenyewe, mkato hufunguka na diski hubaki huru. Mtumiaji asimame kando ya mstari wa diski, si nyuma yake.

Diski ya kukatia iingizwe ikiwa wima, pembe ya nyuzi 90, na isogezwe kwa kunyooka bila kupindishwa. Uzito wa mashine na msukumo mdogo vinatosha. Diski inayolazimishwa hupata joto na kunasa. Ikinasa, swichi iachiwe na diski isubiriwe isimame kabisa kabla ya kuitoa. Mashine isiwashwe upya diski ikiwa ndani ya mkato, bali ifikie kasi yake kamili nje, ndipo irudishwe taratibu. Kwa kusaga, diski nene ilazwe kwa pembe ya takriban nyuzi 15 hadi 30 na isogezwe huku na huko bila kukaa mahali pamoja.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, swichi izimwe na plagi ichomolewe mara moja. Mashine nyingi, hasa zile ambazo swichi yake hubaki imejifunga, huanza kuzunguka zenyewe umeme unaporudi, wakati huo ikiwa imelala sakafuni na watu wamekwisha kuisahau. Vilevile, baada ya kuzimwa diski huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa. Mashine haiwekwi chini hadi isimame.

Ajali ikitokea

Kitu kikiingia jichoni, jicho lisisuguliwe, na kipande kilichochoma kisichomolewe. Jicho lifunikwe bila kugandamizwa na majeruhi apelekwe kwenye kituo cha afya bila kuchelewa. Jeraha linalotoka damu nyingi ligandamizwe kwa kitambaa safi mfululizo hadi afike hospitalini. Kipande cha diski kilichozama mwilini kisivutwe. Kizungushiwe vitambaa ili kisisogee, na damu izuiwe kwa kugandamiza pembeni mwake. Karakana yenye sanduku la huduma ya kwanza na mtu mmoja aliyefundishwa kulitumia huokoa dakika ambazo haziwezi kununuliwa baadaye.

Sheria, mafunzo na huduma zilizopo

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka kinga kwenye sehemu hatarishi za mashine na kuwapatia wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Usimamizi wa sheria hiyo uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ambao pia husajili sehemu za kazi na kutoa mafunzo. Mwenye karakana aliyeondoa kinga kwenye grainda, au anayemruhusu mwanagenzi kufanya hivyo, hawezi kuliita jambo hilo uzoefu wa kazi.

Mafundi waliojifunza ufundi mitaani bila kupita chuoni wanayo nafasi ya kurasimishiwa ujuzi wao kupitia Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA. Utaratibu huo hupima kile ambacho fundi anakijua tayari, humwongezea anachokikosa, na kumpatia cheti.

Kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoandaa andiko la mradi wa karakana kinashauriwa kuorodhesha miwani, ngao za uso, glovu, barakoa, sanduku la huduma ya kwanza na akiba ya kutosha ya diski za ukubwa sahihi pamoja na mashine zenyewe. Mashine iliyonunuliwa bila vitu hivyo ni mashine iliyonunuliwa nusu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kwanza kuonwa kwa maelezo ya utaratibu huo.

Fremu sita zilizobaki

Wale vijana watano hawakukosa njia. Karakana nyingi zinao msumeno wa chuma wa mkono, na bomba jembamba la fremu ya dawati hukatika kwa msumeno huo kwa dakika chache na jasho kidogo. Mmoja angeweza kwenda mjini kwa bodaboda kununua diski mbili za inchi 4 na nusu, huku wengine wakichomelea na kupaka rangi zile zilizokwisha kukatwa. Njia ya tatu ilikuwa kumpigia simu mwalimu mkuu na kumwomba nusu siku. Kila moja ya njia hizo ingewagharimu saa chache.

Ile ya kufungua kinga ingeweza kuwagharimu jicho la kijana wa miaka ishirini, kwa ajili ya fremu sita. Fundi akiishika diski mpya mkononi, swali la kujiuliza si kama tundu linaingia. Ni kama namba ya diski inaizidi ya mashine, na kama kinga inaipokea. Jibu likiwa hapana kwa mojawapo, diski hiyo irudi rafuni na kazi isubiri.